Mpiga kasia hana risiti ya EFD: ruzuku ya mafuriko Rufiji kwa jicho la mhasibu wa kujitolea

#1 Mwana wa Mlau (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Humu kuna nyuzi nyingi za jinsi ya kuandika andiko likapata fedha. Sijaona hata mmoja unaosema yanayotokea fedha ikishapatikana, hasa ile inayoitwa ya dharura. Naleta wangu. Ni mrefu, mwenye haraka apite, hatugombani.

Mimi ni mhasibu wa kujitolea kwenye asasi ndogo ya jamii wilayani Rufiji, upande wa Muhoro. Tuko watu watano, pikipiki moja na chumba kimoja cha ofisi ambacho popo wanadai ni chao. Jina la asasi silitaji, la mfadhili silitaji. Sikuja kumchongea mtu.

Aprili 2024 mnaikumbuka. Mvua za El Nino zilikuwa zinapiga tangu mwaka uliotangulia, mto ukajaa, ukatoka. Waziri Mkuu alipozungumza bungeni tarehe 25 Aprili alitaja vifo 155 nchi nzima na watu zaidi ya laki mbili walioathirika. Sisi hesabu hizo tulizisikia redioni. Tulikuwa tunahesabu mapaa, lipi bado linaonekana na lipi limezama.

Kabla hamjaniuliza kwa nini watu wanakaa bondeni: Mrufiji anaujua mto wake. Babu zetu walijenga madungu, nyumba za juu ya nguzo. Maji yakija unapanda, yakiondoka unashuka kulima mlau. Mlau ni kilimo cha kufuata maji. Mto ukirudi nyuma unaacha tope jeusi lenye unyevu, unapanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua. Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 iliwahamisha wengi kwenda sehemu za juu, lakini shamba halikuhama. Na mwenye shamba halali mbali nalo, kuna nguruwe, kuna viboko.

Sasa, siku maji yalipoingia kitongojini, fedha ya kwanza kufanya kazi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sanduku la kikoba.

Kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 27. Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Ndani kuna mfuko wa hisa na mfuko wa jamii, ule wa mia tano mia tano kila wiki kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mweka hazina alitoka nalo kichwani, maji kiunoni. Wakakusanyika kwenye mwinuko wa shule. Funguo mbili zipo. Ya tatu iko na bibi mmoja aliyekwama upande wa pili wa maji, njia ya Chumbi, na simu yake haipatikani.

Walibishana kama saa nzima. Hawa ni watu wanaotozana faini kwa kuchelewa dakika kumi, wewe uniambie watavunjaje kufuli? Mwisho wakamwita mwenyekiti wa kitongoji asimame shahidi, wakamwita na mume wa yule bibi ili kesho asije mtu kusema kaonewa. Mume mwenyewe ndiye aliyeng'oa pete ya kufuli kwa ncha ya panga. Noti zilikuwa zimeloa. Wakazianika juu ya mkeka, mama mmoja kakaa pembeni na kijiti anafukuza kuku. Za hisa walizihesabu wakazirudisha zilivyo. Walitoa za mfuko wa jamii tu, shilingi 412,000. Wakakodi mitumbwi miwili ikawatoe waliobaki juu ya miembe, wakanunua unga, mafuta ya kula, sukari ya uji wa watoto. Daftari liliandikwa jioni ile ile kwa kalamu ya kuazima kwa mwalimu.

Hilo ni sanduku. Twende kwenye ruzuku.

Tangazo la mfadhili tuliliona mwishoni mwa Mei. Andiko kurasa 18, bajeti, katiba, cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Jibu la "hongereni" likaja Julai. Mkataba Agosti. Ruzuku ilikuwa milioni 46, na kwa kanuni za 2018 mkataba wowote unaozidi milioni 20 unaupeleka kwa Msajili wa NGO na Hazina ndani ya siku 10. Tukaupeleka. Awamu ya kwanza ikaingia benki wiki ya pili ya Oktoba.

Kwenye andiko la Mei tuliomba mbegu za mlau. Maji yalikuwa yanashuka, ndiyo siku zake. Oktoba bonde limekauka hadi limefanya nyufa za kuingia kiganja. Nikaandika barua: jamani, tubadilishe kasma hii, yaani fungu hili la bajeti, tununue mabati na misumari, watu bado wanalala chini ya maturubai. Jibu lilichukua wiki tano, nalo likasema kuhamisha fedha kati ya kasma kunaruhusiwa hadi asilimia 10 tu. Kwa hiyo tukanunua mbegu za mlau mwezi Novemba. Andikeni hiyo mahali.

Kasma iliyonona ilikuwa ya mafunzo. Siku tatu, ukumbi, chai, fulana, mwezeshaji kutoka Dar anawafundisha Warufiji namna ya kuishi na mafuriko. Mzee mmoja wa miaka themanini na ushee aliyezaliwa dunguni alikaa mstari wa mbele siku zote tatu, hakusema neno. Siku ya mwisho akauliza kama kuna nauli.

Sasa mpiga kasia. Vitongoji vya ng'ambo vinafikika kwa mtumbwi tu. Mzee alivusha mizigo yetu siku sita. Nikamlipa, akaweka dole gumba kwenye hati ya malipo, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, nikapiga na picha. Mkaguzi alipokuja aliuliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi. Nikamwambia huyu mtu hana hata shati la pili. Akasema anaelewa, akaandika: gharama zisizo na uthibitisho, shilingi 380,000. Tulizirudisha kwa kuchanga wenyewe.

Kilichonikera kuliko vyote ni kidogo. Niliomba zile 412,000 za akina mama zirudishwe kwenye sanduku lao kutoka kwenye ruzuku. Daftari lipo, mashahidi wapo. Nikajibiwa gharama zilizotumika kabla ya tarehe ya mkataba hazikubaliki.

Kuokoa watu siku ya mafuriko kulifanyika kabla ya tarehe ya mkataba.

Hoja yangu basi: fedha ya maafa iwekwe kwenye vikundi kabla ya maafa. Kiasi kidogo, masharti yajulikane mapema, ikae kwenye mfuko wa jamii, ifunguliwe siku maji yakifika alama fulani. Karibuni mnipinge.

#2 Kiti Moto Baridi

Naweka kambi hapa. Hiyo ya mzee na nauli nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#3 Panga Kali

Mkuu umeandika vizuri ila umejitetea sana. Masharti hayakuanguka kutoka mbinguni. Nchi hii ina NGO za mifukoni ngapi? Mwenyekiti baba, mhazina mama, katibu shemeji, ofisi ni meza ya kulia chakula. Fedha ikiingia gari linanunuliwa, anapigwa picha bibi mmoja na kilo mbili za sembe, taarifa imekwisha.

Na usisahau Kagera. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, watu walichanga nchi nzima. Wengi wetu tulitoa tukidhani tunamjengea mwenye nyumba iliyoanguka. Baadaye serikali ikasema fedha zinaelekezwa kwenye shule, hospitali na miundombinu ya umma, nyumba yako ujenge mwenyewe. Unaweza kusema ni uamuzi halali, lakini aliyechanga hakuulizwa. Toka siku ile mimi nikichanga nataka niione risiti, ya EFD, ya mkono, ya dole gumba, yoyote.

#4 Mwana wa Mlau

Panga Kali, hapo mwisho umesema "ya dole gumba". Basi tumeshakubaliana, mimi yangu ilikataliwa.

Sipingi udhibiti. Sanduku lenye kufuli tatu ni udhibiti mkali kuliko wa benki yangu. Kinachonisumbua ni udhibiti uliotungwa kwa ajili ya ofisi ya Masaki, kwa wakubwa wa Dar, kupelekwa ng'ambo ya mto. Hata sheria ya kodi hailazimishi kila mchuuzi awe na mashine ya EFD, wadogo wameachwa. Sasa mfadhili anadai kitu ambacho TRA haimdai yule mzee.

Kuhusu NGO za mifukoni, ni kweli zipo. Lakini angalia nani anapenya kwenye masharti haya. Mwenye hesabu zilizokaguliwa miaka mitatu na mwandishi wa andiko wa kulipwa ndiye huyo huyo mwenye gari. Kikoba cha akina mama 27 hakipiti hata mlango wa kwanza.

#5 Barazani Hanang

Mimi niko Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 asubuhi mlima ulishuka kwetu. Tope, mawe na magogo vilipita katikati ya mji, Gendabi na Jorodom wakaumia zaidi. Waliokufa walifika 89. Sitaeleza siku ile, sina moyo huo.

Nitaeleza misaada. Kwa haki kabisa, serikali ilibeba gharama za mazishi na matibabu, jeshi lilikuja na mitambo, Msalaba Mwekundu walikuwepo, baadaye nyumba zikajengwa Waret. Haya yalifanyika na tuliyaona.

Lakini nguo! Ndugu zangu, nguo zilikuja kama tope la pili. Magunia kwa magunia. Nimekaa siku nne kwenye kuchambua, tumekuta magauni ya harusi, suti ya mtoto wa miaka miwili yenye tai, viatu vya mguu mmoja. Hanang ni baridi, tulikuwa tunatafuta masweta na mablanketi. Wakati huo huo watu wanachimba tope ndani ya nyumba kwa masufuria, kwa sababu makoleo yalikuwa machache. Siku ya tano nilimwona mzee anabadilishana koti la kizungu kwa koleo. Hakuna aliyemlaumu.

Mfadhili wa ng'ambo unamlalamikia kwa kuchelewa. Sisi wenyewe tunatoa haraka, tena kwa moyo, ila tunatoa kinachotusumbua kabatini.

#6 Wa Naivasha

Hamjambo majirani. Hapa kwetu Mai Mahiu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mwezi ule ule wa Rufiji. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, karavati likazibwa na takataka, tuta likapasuka. Watu walikuwa wamelala.

Mwandishi anaongea juu ya sanduku, mimi naongea juu ya chama, kikundi cha kuchangiana na kupokea kwa zamu. Asubuhi ile kabla ya mheshimiwa yeyote kufika na kamera, chama cha mama mboga wa hapa kilikuwa kimepika chai na githeri. Pesa ilitoka kwenye zamu ya mama mmoja. Ilikuwa zamu yake kupokea wiki hiyo, akasema wapike nayo. Hakuna mtu amewahi kumrudishia kama mradi, wenzake walimpa zamu nyingine mwezi uliofuata. Ndivyo mambo huenda.

Kuhusu kuweka pesa mapema, sio wazo geni. Hapa kuna KCDF, Kenya Community Development Foundation, ilianza 1997. Wao hupenda jamii iwe na hazina yake: mnachanga nyinyi, wanaongeza juu, pesa inawekezwa, mnatumia faida. Ni kazi ya pole pole na wengi huchoka njiani kwa sababu faida ya pesa kidogo ni kidogo. Lakini mkikaa nayo miaka, hamuombi mtu ruhusa.

Na tusidharau watu wetu. Mwaka 2011 wakati wa ukame, Safaricom Foundation, KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500, tukapita hiyo kwa wiki chache, nyingi zikiwa shilingi kumi kumi kwa M-Pesa. Watoto wa shule walichanga.

#7 Panga Kali

Wa Naivasha, nakubali. Ila kumi kumi zikishafika juu, nani anazifuatilia zikishuka?

#8 Wa Naivasha

Swali zuri kaka. Ndio maana sisi hupigia kelele sheria. Sheria yetu ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 na ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Miaka kumi na moja kwenye droo! Ilianza kazi watu wa Mai Mahiu bado wako kwenye mahema.

#9 Meza ya Pili

Nimefanya kazi miaka saba upande wa pili wa meza, ofisa wa ruzuku. Nilishaacha, naweza kusema.

Mwana wa Mlau, barua kama yako ya kubadili kasma nimezipokea nyingi, na nyingine nimezijibu vibaya kama ulivyojibiwa. Ngoja nieleze kinachotokea kule, si kwa kujitetea.

Wafadhili si kitu kimoja. Kuna mfuko wenye fedha zake wenyewe, tajiri kaziweka mahali, zinazaa. Marekani sheria inautaka mfuko binafsi wa namna hiyo utoe takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Na kuna mfuko unaopokea kwa serikali za nje na kugawa, kama Foundation for Civil Society hapa kwetu ilivyofanya kazi kwa miaka mingi. Wa kwanza anaweza kubadili mawazo kesho asubuhi. Wa pili ana bosi juu yake, na bosi ana bunge lake. Ukimwandikia barua ya mabati, ofisa anatakiwa naye aandike barua kwenda juu. Wiki tano zako, tatu zilikuwa za mtu mwingine kabisa.

Halafu kuna jambo AZAKI (asasi za kiraia) nyingi hazilijui. Mfuko binafsi wa Marekani ukitaka kumpa fedha asasi ya Rufiji una njia mbili. Ama mwanasheria athibitishe kuwa asasi hiyo inafanana na shirika la hisani la kwao, ama wafuatilie matumizi: mkataba wa maandishi, fedha zitenganishwe kwenye hesabu, taarifa kila mwaka. Wakikosea wanatozwa kodi ya adhabu. Ndiyo maana ofisa wa New York anakuuliza katiba yenu kuhusu mali za asasi ikivunjika zinakwenda wapi. Hakutukani, anajaza fomu ya nchi yake.

Lakini hakuna sheria ya Marekani inayotaja EFD. Wala, kwa mfuko binafsi, inayosema asilimia 10 ya kasma. Hayo tulijitungia sisi wa katikati, kwa woga. Mkaguzi akikuta kosa, ofisa ndiye anaulizwa. Mbegu zikichelewa mlau, hakuna anayeulizwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaoandika: pambaneni kabla ya kusaini. Ukishasaini umekwisha. Andika kwenye mkataba kwamba eneo hili huduma za mitumbwi, bodaboda, vibarua na mama lishe zitathibitishwa kwa hati ya malipo yenye saini au dole gumba, shahidi na picha. Nimeshaona wafadhili watatu wakikubali, kwa sababu tu mtu aliuliza. Omba pia kifungu kinachoruhusu gharama za kuanzia tarehe ya maafa, si tarehe ya mkataba. Kipo, kinatumika, ila hawakupi usipokitaja.

#10 Mwana wa Mlau

Hiki kifungu cha tarehe ya maafa ningekijua mapema ningelala vizuri mwaka mzima. Asante sana mkuu. Nimekinakili kwenye daftari, si kwenye simu.

#11 Mgeni Rasmi Hajafika

Na hilo bwawa la Nyerere la megawati 2,115 hapo juu ya mto hamlizungumzi? Maji yalitoka wapi?

#12 Mwana wa Mlau

Lina uzi wake, ndugu. Nyuzi kumi. Mafuriko Rufiji yalikuwepo kabla ya bwawa na bibi yangu alizaliwa ndani yake. Yaliyobadilika na yasiyobadilika wanajua wataalamu wa mto, mimi ni mtu wa hati za malipo.

#13 Mbongo wa Minneapolis

Niko huku theluji imefika dirishani. Wakati wa Rufiji tulijikusanya kwenye kundi la WhatsApp, watu kama tisini, tukapata dola elfu sita na kidogo. Nikadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza.

GoFundMe haitoi fedha kwenye akaunti ya Tanzania, lazima mtu wa huku apokee, halafu jina lake ndilo linakaa kwenye kodi. Tukatafuta shirika lililosajiliwa huku litushike mkono, likataka asilimia 7 ya uendeshaji. Wengine wakagoma: "hata senti isikatwe!" Ugomvi wiki mbili. Mwisho tukatuma kwa simu, mafungu mafungu, kwa mjomba wa mmoja wetu aliyeko Ikwiriri. Mjomba ni mwaminifu, alituma picha za kila gunia. Lakini niliwaza, angekuwa si mwaminifu tungefanya nini? Tungehama kundi.

Swali: ukipewa dola elfu sita leo, hakuna mafuriko, mto umelala, ungeziweka wapi?

#14 Mwana wa Mlau

Swali lako ndilo nililolitafuta tangu mwanzo.

Nisingezileta kwenye asasi yetu. Ningezigawa kwa vikoba sita au saba vya bondeni ambavyo vina daftari linaloeleweka na havijawahi kuvunjika kwa ugomvi. Ziingie mfuko wa jamii, zisichanganywe na hisa, zisikopeshwe. Hapo ndipo pagumu, maana fedha iliyolala kwenye sanduku inawasha mikono. Januari ya ada za shule mtu atasema "tukopeshane kidogo, masika bado". Kwa hiyo sehemu kubwa ikae kwenye akaunti ya kikundi, sandukuni ibaki ya siku mbili tatu za kwanza tu.

Na kuwe na alama. Pale kwetu kuna mwembe mmoja njia ya mtoni, wazee wana mikato kwenye shina. Maji yakigusa mkato wa pili, watu wanaanza kuhamisha mbuzi. Basi na sanduku lifunguliwe hapo hapo, wasingoje tangazo la redio.

Tatizo la dola elfu sita zako ni moja. Kamati ya maafa ya kijiji ipo kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaitambua. Ukiweka fedha kwenye vikundi bila kuongea nayo, siku ya tukio utakuta mtendaji kanuna. Kaa nao mapema, wanywe chai, wajue sanduku lipo na si lao.

#15 Meza ya Pili

Nyongeza kwa Mbongo: asilimia 7 mliyoigomea ni ndogo kuliko mnavyodhani. Huyo anayewaandikia barua, kutunza hesabu na kubeba lawama anakula nini? Wafadhili wakubwa nao wana ugonjwa huo. Wanataka kila shilingi "imfikie mlengwa", halafu wanashangaa asasi haina mhasibu hadi ajitolee mtu kama mwanzisha uzi. Mwaka 2016 kule Istanbul wakubwa wa misaada waliahidi kwamba kufikia 2020 asilimia 25 ya fedha za dharura ziwafikie watu wa mahali penyewe, moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka wenyewe ulipofika walikuwa mbali sana na hapo. Sababu wanayoitoa kila kikao ni kwamba "wenyeji hawana uwezo wa kusimamia". Uwezo wa kusimamia ni mshahara wa mhasibu, kasma ile ile wanayoikata kwanza.

Wanaojua kukimbia wapo lakini. Mtandao wa Start una mfuko unaoamua ndani ya saa 72 tangu tahadhari itolewe. Segal Family Foundation wanafanya kazi na asasi ndogo za Afrika Mashariki na hawakulazimishi kila shilingi iwe na jina. Inawezekana, si ndoto.

#16 Tunu Binti Saidi

Samahani naingilia, mimi ni mwanachama wa kikoba, Kibiti. Wote mnaongea fedha. Mimi nauliza karatasi. Mvua zile sisi sanduku letu lilipona lakini daftari liliyeyuka. Wino ulitoka wote, kurasa zikawa uji. Tulikaa mwezi mzima tunakumbushana nani ana hisa ngapi, na wawili hawasalimiani hadi leo. Mfadhili akinuia kusaidia kabla ya maafa, aanze na mfuko wa nailoni mzito wa kufungia daftari. Shilingi elfu mbili.

#17 Barazani Hanang

Tunu umetisha. Na koleo.

#18 Panga Kali

Mimi na ubishi wangu wote, hapa natoa. Mwana wa Mlau, fungua lipa namba ya kile kikundi (si yako!) uwape mods waithibitishe. Kumi yangu ipo. Nitataka kuona daftari.

#19 Mwana wa Mlau

Namba sitaiweka hadi akina mama wenyewe wakae waamue, mkutano wao ni Alhamisi. Wanaweza kukataa, na wakikataa nitakuja kusema hapa.

Wapo walioniuliza inboksi habari za ile kufuli. Yule bibi aliyekwama alirudi siku ya nane, mzima, na ufunguo wake kaufunga kwenye pindo la kanga. Alipoambiwa pete imeng'olewa alinyamaza kidogo, akauliza nani alihesabu. Wakamsomea daftari mstari kwa mstari pale pale chini ya mti. Ndipo akakaa.

Pete mpya ilichomelewa Ikwiriri, shilingi elfu tatu, imo kwenye daftari. Wakapitisha na kanuni: masika yakianza, mwenye ufunguo anayelala upande wa pili wa mto anamkabidhi wa upande huu hadi maji yashuke. Mama Tunu, kuhusu nailoni, nimewasomea ujumbe wako kwa simu leo mchana. Wamesema wanayo, wanafungia unga, watanunua nyingine.